Chungwa Kwenye Ndoo: Mikono ya Mtoto Inamfundishaje?

Jioni mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, ina wazazi wa namna mbili, na wasiwasi wao ni mmoja. Kuna aliyemnunulia mtoto wa miaka minne daftari, akamwandikia herufi a mstari wa juu, na mtoto hatoki kwenda kucheza mpaka ukurasa ujae. Kuna na yule aliyesikia kwamba watoto wa siku hizi hufundishwa kwa vitendo, akaagiza Dar boksi la vifaa vya plastiki vya rangi zote, akaliweka sebuleni, na mwezi umekatika mtoto bado anahesabu "tano, sita, nane, kumi." Mmoja anaamini kalamu, mwingine anaamini vifaa. Ninavyoona mimi, jambo lenyewe limejificha kwingine. Maneno "kujifunza kwa vitendo" yanatajwa kila siku kwenye vikao vya wazazi na makundi ya WhatsApp, lakini ni nadra kusikia mtu akieleza vitendo hivyo vinafanya nini ndani ya kichwa cha mtoto.

Mikono peke yake haifundishi. Mtoto anaweza kumwaga maji kutwa nzima asiambulie ila nguo mbichi. Kinachomfundisha ni kutarajia jambo moja, maji yakamletea jingine, kisha akalazimika kusema kilichotokea. Asipokuwa na la kutarajia, hana la kumshangaza. Na akishangaa bila wa kumuuliza, mshangao unapita kama ulivyokuja. Hapo tumemshughulisha tu ili mama apike kwa amani, jambo ambalo halina ubaya wowote, ila tusiliite somo.

Niweke mpaka mapema. Nikisema kumsomesha mtoto nyumbani, sisemi kumtoa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikia umri katika shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Ninaowazungumzia ni wa miaka mitatu hadi sita, ambao bado wako nyumbani au wanarudi mchana kutoka awali, vidudu kama wengi tunavyoiita bado, wakashinda na bibi, na dada wa kazi, au na mama mwenye genge lake mbele ya nyumba.

Namba za mdomoni

Kuhesabu ndiko kunakowadanganya watu wazima zaidi, basi tuanzie huko. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anasimamishwa mbele ya wageni, anatiririka moja mpaka kumi, wageni wanapiga makofi, babu anatoa sarafu. Sasa mwambie: "Niletee vizibo vitatu." Wengi wa umri huo watakuletea kiganja kizima. Hajakosa akili wala hafanyi mzaha. Anachokijua ni mfuatano wa maneno. Kwamba neno la mwisho analolitaja ndilo idadi ya rundo lote, hilo bado halijamfikia.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walikichambua kitendo hiki tunachokiona chepesi wakaonyesha kwamba kina kanuni tano ndani yake. Kila kitu kipewe neno moja tu. Maneno yafuatane vilevile kila mara. Neno la mwisho ndilo jumla. Chochote kinahesabika, iwe vizibo, watu au makofi. Na haidhuru umeanzia upande gani. Sisi tunazitumia zote kwa pumzi moja, ndiyo maana hatuoni ugumu uko wapi tunapomkemea mtoto kwamba "jana ulijua." Jana alizikamata mbili, leo umemuuliza ya tatu.

Ukishajua hivyo, kazi za kumpa zinajichagua. Kwa kanuni ya kwanza hakuna kinachoshinda kugawa. Kwenye nyumba inayokula sinia moja, mpe vikombe vya maji agawe. Usimwambie "tuko sita." Mwambie kila mtu apate chake. Akigawa vibaya, babu atabaki mikono mitupu na mtoto ataliona mwenyewe, bila mtu kumwambia amekosea. Hii ndiyo sifa ya kazi nzuri ya mikono: kosa linajionyesha lenyewe. Daftari halina uwezo huo, linamngoja mwenye kalamu nyekundu.

Kanuni ya tatu ndiyo kisiki. Weka vizibo vinne mkekani, mwache ahesabu kwa kidole, na akimaliza tu umuulize: "Kwa hiyo viko vingapi?" Asiyeelewa ataanza upya: moja, mbili, tatu... Aliyeelewa atakujibu "vinne" na kukutazama kama mtu usiyesikia. Kwa yule wa kwanza usipige kelele wala usimpe hotuba. Hesabu wewe kwa sauti, ukifika mwisho zungusha mkono juu ya rundo lote: "Moja, mbili, tatu, nne. Vinne." Rudia kesho kwa ndizi, keshokutwa kwa viatu mlangoni. Na baki kwenye vitatu na vinne kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Mia moja za mdomoni hazimsaidii mtu asiyeweza kuleta vitatu.

Badilisha vitu kwa makusudi. Mtoto wetu ana mzigo wa ziada, kwa kuwa tatu ileile huisikia katika vijiti vitatu, machungwa matatu na kuku watatu, halafu akifika sita inakaa vilevile bila kugeuka. Anayehesabia vizibo peke yake mwaka mzima huchelewa kuona kwamba ni idadi moja inayovaa nguo tofauti.

Soko la Mgandini ni darasa ambalo hulipii. Tazama nyanya zinavyopangwa mafungu: nne chini, moja juu. Mtoto anayesaidia kupanga mafungu kwenye genge la mama anaizoea tano kwa jicho, bila hata kuhesabu, na baadaye hiyo ndiyo inayomwezesha kuiona nane kama tano na tatu. Bei usimwachie. Mafungu mwachie.

Kwa makumi, chukua chelewa, zile njiti za ufagio. Ufagio ukichakaa, zikate ziwe fupi, mkae mfunge kumi kumi kwa uzi wa katani au mpira. Kumi na tatu inakuwa fungu moja na vijiti vitatu pembeni, jambo ambalo jina lake linalisema waziwazi. Ishirini ndipo jina linapoacha kusaidia, kwa sababu halimwambii kwamba ni kumi mbili; mafungu mawili ya chelewa yanamwambia. Thelathini na arobaini ni hivyohivyo. Mtoto aliyeyafunga mafungu hayo kwa mikono yake, siku mwalimu wa darasa la kwanza akiandika makumi na mamoja ubaoni, atajua anazungumziwa nini.

Halafu kuna Ngamiani yenyewe. Barabara zake zina namba, na sijui kwa nini hatuitumii bahati hii. Mko barabara ya nane, mnakwenda kwa shangazi barabara ya kumi na mbili. "Tuvuke ngapi?" Wengi watasema tano, kwa kuwa wanaihesabu na ile wanayosimama. Usibishane naye njiani, vukeni. Tisa, moja. Kumi, mbili. Kumi na moja, tatu. Kumi na mbili, nne, na huyu hapa shangazi. Kosa hilohilo la kuhesabu mahali ulipo huwafuata watoto hadi kwenye rula darasani, wanapoanza kupima kwenye moja badala ya sifuri. Aliyewahi kulikosea kwa miguu ana mahali pa kulirekebishia.

Chungwa

Sasa nikuonyeshe kwa karibu kitendo kimoja, maana maelezo bila kitendo ni kurudi kulekule kwenye daftari. Uani, Makorora. Ndoo ya maji, machungwa mawili ya Muheza, yale yanayoiva huku ganda bado lina ukijani. Bibi kakaa kwenye kigoda, mjukuu wa miaka mitano kachuchumaa.

"Hili tukilitia majini, litazama au litaelea?"

"Litazama."

"Kwa nini?"

"Zito." Anajibu kwa uhakika wa mtu aliyelibeba kutoka sokoni.

"Haya, litie."

Linaelea. Mtoto analisukuma chini kwa kidole, linarudi juu. Analisukuma tena kwa mkono mzima, linamponyoka na kumrushia maji usoni. Bibi hasemi kitu. Anachukua lile la pili, analimenya taratibu mpaka ganda lote linatoka na ule weupe wake.

"Na hili? Tumelipunguzia nguo."

Mtoto anafikiri. Limepungua, kwa hiyo ni jepesi, na jepesi huelea. "Hili litaelea zaidi, bibi."

Linakwenda chini moja kwa moja na kutua.

"Bibi! Umelitia nini?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Mtoto alikuwa na kanuni yake kichwani, kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Kanuni hiyo si mbaya, imemtosha kwa mawe na majani. Chungwa limeivunja mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitabiri. Hapo akili inafunguka kutafuta kanuni nyingine, jambo ambalo lisingetokea kama bibi angeanza kwa kusema, "Leo nitakufundisha kwa nini vitu vinaelea."

Kwa faida ya mtu mzima: ule utando mweupe wa sponji chini ya ganda umejaa vishimo vidogo vya hewa. Ganda ni boya la chungwa. Chungwa zima, ukilinganisha uzito wake na nafasi linayochukua, ni jepesi kuliko maji. Likivuliwa ganda, nyama yake iliyojaa maji na sukari mara nyingi huwa nzito kidogo kuliko maji, ikazama. Uzito peke yake hausemi kitu mpaka ujue umekaa katika nafasi kubwa kiasi gani. Maneno hayo si ya mtoto wa miaka mitano, na bibi alifanya vyema kutoyasema. Alichomwambia ni, "Hata mimi najiuliza. Tutie nini kingine?"

Basi likaingia limau, kikaingia kitunguu, kikaingia kipande cha muhogo, kikaingia kifuu cha nazi ambacho kiligeuka mtumbwi. Ikiwa yai lipo, litie kwenye gilasi: yai bichi jipya litalala chini. Ongeza chumvi kijiko baada ya kijiko ukikoroga polepole na litapanda. Mtoto wa pwani aliyeambiwa kwamba baharini mtu huelea kwa urahisi kuliko kisimani, sasa ameliona kwenye gilasi.

Cha mwisho, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, ni udongo wa mfinyanzi. Donge lake huzama. Donge hilohilo likifinyangwa likawa dau lenye kuta nyembamba, linaelea, na linabeba vizibo. Vingapi kabla halijazama? Akisie kwanza. Akizamisha dau lake, atalifinyanga pana zaidi bila kuambiwa. Mafundi wanaochonga ngalawa wanajua jambo hili kwa mikono, na wengi wao hawakulisoma popote.

Jihadhari na jambo moja tu: usikimbilie kusahihisha. Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuwauliza watoto maswali, alikuwa akimimina maji kutoka gilasi pana kwenda gilasi nyembamba mbele ya mtoto na kumuuliza ni wapi kwenye maji mengi. Watoto wa miaka minne na mitano walionyesha ile nyembamba, kwa sababu maji yamepanda juu. Ukiyarudisha kwenye gilasi pana wanakubali ni yaleyale, ukiyamimina tena wanasema yameongezeka. Si ukaidi. Mpaka karibu na miaka saba, akili zao hushika sura moja ya kitu, kimo au upana, wala si vyote viwili. Ukimlazimisha mtoto wa miaka minne aseme "ni sawasawa," atasema. Umepata jibu, hujapata uelewa.

Kinachomsogeza ni kumimina kwingi. Kopo dogo mara ngapi lijaze kisado? Kibaba mara ngapi kijaze pishi? Ni nne, na bibi zetu walilijua hilo kabla ya mizani. Mchanga unafaa kuliko maji kwa watoto wadogo, kwani ukimwagika unazoleka.

Sauti kabla ya herufi

Kwenye kusoma, fundo liko hapa: tunamwonyesha mtoto alama za sauti ambazo bado hajazisikia. Yeye anasikia neno zima, "mtoto," kama kitu kimoja. Hajui kwamba limegawika. Ukimwandikia m, t, o, umempa majina ya vipande vya kitu ambacho kwake hakijavunjika.

Kukivunja si kazi ya kalamu, ni ya mdomo na viganja. Pigeni makofi kwa silabi: nyu-mba, mawili. Sa-ma-ki, matatu. M-to-to, matatu pia, na hapo wengi hupiga mawili kwa sababu ile m ya mwanzo inapita haraka. Ndiyo hiyohiyo baadaye huandikwa "mutoto," au hurukwa kabisa ikawa "toto." Mtoto aliyempigia m kofi lake mwenyewe hawezi kumsahau kwenye karatasi.

Na hapa watoto wa pwani walikuwa na mchezo ambao mwalimu yeyote wa kusoma angeulipia: kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unaitanguliza. Nyumba inakuwa mbanyu, samaki kisama, mchele lemche, chungwa ngwachu. Wakubwa waliutumia kusengenya mbele ya watoto, na watoto wakaudaka wakasengenyea wakubwa. Ili useme kinyume lazima ukate neno, ushike kipande, ukipandikize pengine, yote kichwani, kwa kasi ya mazungumzo. Hakuna zoezi la daftari linalofikia robo ya hapo. Kwa miaka mitano anza na maneno ya silabi mbili, na umtegee mama. Atageuza, atageuza tena, atakuangalia. Mama ni mama. Baba hageuki, dada hageuki, kaka hageuki, bibi hageuki. Babu anageuka, na watoto hucheka sana kwa nini babu peke yake.

Vitendawili navyo virudi kabla ya kulala. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Anayejibu yai ameshikilia maelezo mawili yasiyopatana, nyumba na kukosa mlango, mpaka akapata kitu kinachoyabeba yote. Asiyejua anatoa mji, na kutoa mji nako ni adabu nzuri ya kukubali kwamba hujui bila kulia.

Herufi zinakuja baada ya masikio kuamka, na hazina haja ya kuja kwa mpangilio wa alfabeti. Kiswahili kimetupa wepesi ambao Waingereza hawana: irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi zinaishia hapo. Ukianza na irabu, ukaongeza m, b na k, mtoto ana mama, baba, kaka, kuku, bibi, mbuzi bado. Sema sauti yake, "mmm," na kwa zile zisizotamkika peke yake sema silabi, "ba." Ng' ya ng'ombe, gh na dh ziache kwa darasa, zina wakati wao.

Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, katika mtaa wa wafanyakazi maskini wa San Lorenzo, alikata herufi kwa karatasi ya msasa ili watoto wazipitishe kidole kabla hawajashika penseli. Waliandika kabla ya kusoma, na sehemu kubwa ya siku yao ilikuwa kazi za nyumbani za kweli: kufagia, kumimina, kufunga vifungo. Inanichekesha kidogo kuona leo jina lake likibandikwa kwenye samani za bei mbaya kwa ajili ya watoto wa wenye uwezo. Msasa upo dukani kwa fundi seremala. Wa bei rahisi zaidi ni mchanga mkavu wa pwani kwenye sinia pana: anaandika kwa kidole, anatikisa, kosa limefutika kabla hata halijaonwa na mtu.

Na vidole vyenyewe? Mtoto mwenye kuandika herufi zinazotetemeka mara nyingi hana shida ya herufi, ana shida ya misuli. Mpe nazi iliyokunwa akamue tui. Mpe mchele achambue mawe kwa dole gumba na cha shahada. Mpe donge la unga wa maandazi, na ukiwa na subira mkande mawili, moja lenye hamira na moja lisilo nayo, muyafunike kitambaa muone lipi litaumuka. Mpe miyaa, yale majani ya kusukia mikeka. Bibi anayesuka ukili wa rangi mbili ana somo la hisabati mapajani, kwani kila mara akisimama akauliza "sasa inafuata ipi?" mtoto anasoma mpangilio na kutabiri unakokwenda. Ajaribu kwanza kusuka mitatu kwa namna ya nywele. Mkeka wenyewe utangoja.

Kuna atakayeuliza: na chuo cha Qur'ani je? Watoto wengi wa Tanga wanashinda chuoni wakihifadhi kwa kuimba, na nimewasikia watu wa vitendo wakikudharau kuhifadhi kana kwamba ni adui. Sikubaliani nao. Mfuatano wa namba lazima ukae kichwani kwa kuhifadhiwa, haugunduliki kwa kuchezea vizibo, na mtoto aliyezoezwa kusikiliza kwa makini na kurudia kwa usahihi ana sikio ambalo kusoma kutalihitaji. Kasoro inakuja tu pale kilichohifadhiwa kinapohesabiwa kuwa kimeeleweka.

Bahari na kivuli

Hapa nitapita haraka, maana mengi yake yanajieleza. Nendeni Sahare au Mwambani maji yakianza kupwa. Mtoto achomeke kijiti pale wimbi linapoishia, mkae, mtazame baada ya nusu saa. Kesho saa ileile maji hayatakuwa palepale, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa mwenye moyo wa kuendelea: kila usiku achore umbo la mwezi kwa mkaa ukutani au kwenye kalenda ya zamani. Ukiwa mpevu, na ukiwa umeandama, ndizo siku za bamvua, bahari inakwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Katikati yake ni maji mafu. Mtoto aliyechora mwezi mzima kwa mkono wake ataelewa mwenyewe kwa nini kufunga kwaweza kuwa siku 29 au 30, na kwa nini watu wazima hukodoa macho magharibi jioni ile.

Kivuli ni rahisi zaidi. Fimbo uani, alama ya chaki kila saa. Kivuli kifupi kuliko vyote Tanga hakitokei saa sita kamili, ni dakika kadhaa baadaye, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na sisi tuko magharibi yake, karibu na 39, jua linatufikia baadaye. Wazee walioangalia kivuli kuijua adhuhuri walikuwa sahihi kuliko saa ya ukutani. Mwezi wa Juni kivuli hicho cha adhuhuri kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini. Usimwambie. Chora mstari wa Juni kwa rangi isiyofutika, mngoje.

Kuotesha kunde kwenye pamba kila mtu anakujua. Nitaongeza moja tu: mzizi ukishatoka, laza chombo ubavu. Baada ya siku moja au mbili mzizi utakuwa umejipinda kuelekea chini. Akisie kwanza, kama kawaida.

Michoro ya kupaka rangi siipingi, ila thamani yake imekuzwa. Inamfundisha mtoto kutotoka nje ya mstari, basi. Simu yenye katuni za herufi ina kasoro nyingine: haimwachi akosee. Inajibu yenyewe na kujipigia makofi.

Tahadhari chache za kweli

Ndoo ikishamaliza kazi imwagwe papo hapo, kwa kuwa mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye maji machache sana. Karanga, kunde na vizibo visikae mbele ya walio chini ya miaka mitatu, wanavitia mdomoni na vinawapalia. Mbegu za mbarika, zile zinazong'aa zenye madoadoa, zinavutia kuhesabia na zina sumu kali. Zisiokotwe kabisa. Jiko la mkaa liwe mbali na mahali pa mchezo hata kama limezimwa.

Muda? Dakika kumi na tano za chungwa zinatosha siku nzima kwa mtoto wa miaka minne. Akiondoka mwenyewe, mwache aondoke. Akirudi kesho akadai ndoo, mpe na machungwa yaleyale, maana kurudia anakokutaka yeye si sawa na kurudia unakomlazimisha. Na akiwepo kaka au dada wa miaka minane, mwagize awe yeye muulizaji. Kwanza atafurahi, pili atagundua kwamba mambo kadhaa alidhani anayajua.

Limebaki suala la mkono wa kushoto, ambalo kwetu huleta ugomvi mdogo karibu kila nyumba. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia kushoto, na mtoto kama huyo utamjua mapema: ndio mkono anaomenyea ndizi, anaotupia jiwe, anaochorea mchangani. Ukimpiga kwenye vidole anapoandika, unamwongezea kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, na herufi zitachelewa bila sababu. Kula ale kwa kulia kama desturi inavyotaka, hata wenye kushoto wengi hulimudu hilo. Kalamu aishike kwa mkono anaoutaka, na karatasi umwinamishie upande wa kulia kidogo ili asifunike anachokiandika.